DARASA MOJA, NDIMI NYINGI
Kazi ngumu ya waalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari

Vidole vya mkono havilingani, wala wanafunzi waketio katika chumba kimoja hawalingani. Jambo hili laonekana wazi sana katika somo la Kiingereza la shule za sekondari za Kenya. Dawati la mbele ameketi kijana aliyelelewa mjini, ambaye alianza kusikia Kiingereza kabla ya kujua kufunga kamba za viatu vyake. Nyuma yake ameketi msichana aliyetoka kijijini, ambaye nyumbani kwao hapana mtu asemaye lugha hiyo. Wote wawili wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja, na dakika zile zile 40 za kipindi. Na mwisho wa safari yao watafanya mtihani mmoja.

Zamani shida hii haikuwa kubwa hivi, kwa sababu mlango wa sekondari ulikuwa mwembamba sana. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance High School mwaka 1955, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, habari za mwenzake mmoja aliyeshinda vizuri masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa ajili ya somo hilo moja alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani wote, akaishia kuwa tanboi wa basi. Basi wale waliopita walikuwa wamekwisha kuchekechwa kama unga, na mwalimu aliyewapokea alikuta darasa lililo karibu sawa.

Siku hizi mlango umefunguliwa. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipa karo ya masomo katika shule za sekondari za kutwa, na tangu mwaka 2018 imeshika shauri la kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aendelee mbele. Hili ni jambo la kushukuriwa na kila mzazi. Lakini mwenye kukaribisha wageni wengi hana budi kuongeza sufuria jikoni. Wale ambao zamani chekecheo lingaliwaacha nje sasa wamo darasani, nao wana haki ya kufundishwa kama wengine.

Tofauti zao zina asili yake. Tangu Taarifa ya Gachathi ya mwaka 1976, kanuni ni kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Shule nyingi za mashambani zimeifuata kanuni hii, lakini shule nyingi za binafsi za mijini huanza Kiingereza tangu chekechea. Kwa hiyo watoto wawili wa umri mmoja hufika sekondari mmoja akiwa amemtangulia mwenziwe kwa miaka mingi ya kuisikia na kuisema lugha hiyo. Tofauti hiyo ni ya njia waliyopitia. Haifai kuitwa upungufu wa akili.

Hata makosa yao hayafanani. Mwenye kufikiri kwa Kiswahili husema neno la mwanamume anapomtaja mama yake, kwa kuwa “yeye” yetu haibagui mume na mke. Huyo huyo hushindwa kutenganisha kukopesha na kukopa kalamu, maana kwake yote mawili ni kuazima. Mwenye Kikuyu, ambacho hakina sauti ya l, aweza kuagiza mchele kwa Kiingereza na masikio ya Mwingereza yakasikia chawa. Wenzake hucheka, naye mara nyingi hufunga kinywa muhula mzima.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Katika mtihani wa KCSE somo la Kiingereza lina karatasi tatu, za alama 60, 80 na 60, na kila mtahiniwa hulifanya. Lakini hasara haiishi hapo. Hesabu, historia na elimu ya viumbe huulizwa kwa Kiingereza pia. Mwanafunzi anyamazaye katika somo hili hupotewa na masomo karibu yote, ingawa huenda akili yake ya hesabu ni kali kama wembe.

Waalimu wafanye nini? Wako wanaotaka wenye nguvu wawekwe chumba kimoja na wanyonge chumba kingine. Shauri hili humpunguzia mwalimu kazi, lakini lina kasoro. Aliyewekwa katika chumba cha wanyonge huamini upesi kuwa yeye ni mnyonge, na hapo hamsikii tena aliye hodari akisema.

Waalimu wenye busara hufuata njia nyingine. Hutoa habari moja ya kusomwa na darasa zima, kisha huuliza maswali ya ngazi tatu. Ya kwanza huuliza ni nani na ni wapi, ya pili huuliza kwa nini, na ya tatu humtaka msomaji atoe maoni yake na kuyatetea. Kila mmoja hupata pa kuanzia, na hapana anayeachwa akitazama dari. Huwaketisha wanafunzi wawili wawili, aliye mwepesi na aliye mzito, naye aliye mwepesi hugundua kwamba kueleza ni kujifunza mara ya pili. Huwapa vitabu vyepesi wanaohitaji vyepesi, bila kutangaza mbele ya watu. Na kosa moja likizidi kurudiwa na wengi, hulifanya somo la darasa zima bila kumtaja mtu.

Kazi hii si rahisi ambapo wanafunzi ni hamsini na madaftari ya kusahihisha ni hamsini. Ndiyo maana wazazi nao wana fungu lao. Hata mzazi asiyejua Kiingereza aweza kumwambia mwanawe asome kwa sauti jioni, kisha amweleze kwa lugha ya nyumbani aliyoyasoma. Mtoto aliyeweza kueleza ameelewa. Lugha ya mama haiui Kiingereza, wala kumwadhibu mtoto kwa kuisema hakujampa yeyote ufasaha.

Yule msichana wa dawati la nyuma hakuja sekondari kujaza nafasi. Huenda ndiye mganga au hakimu wa kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai ikiwa kila punje ianguapo huchekwa. Darasa jema la Kiingereza ni lile ambalo wa mwisho hathubutu kunyamaza, kwa sababu anajua atasikilizwa.