Lori la jeshi limeuzwa, nani atalitengeneza Samuye?

Mvua zikishika, udongo mweusi wa mbugani huko Samuye hunata kwenye tairi hadi kashata zote zinazibwa. Fuso iliyokwenda kubeba mpunga hubaki kando ya lami ya Shinyanga kwenda Tinde ikisubiri jua, na magunia husogezwa barabarani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hapo ndipo kijana mwenye akiba ya dengu, ya mifugo au ya mgao wa duara la dhahabu anapoanza kuota lori la jeshi: magurudumu yote yanavuta, tumbo liko juu, bodi ni chuma kitupu. Picha zake zinazunguka kwenye simu, na bei ya kuanzia inavutia.

Nawaandikia hasa wanaonunua lori kwa mara ya kwanza. Lori la jeshi lilibuniwa kwa ajili ya mwenye mali mwenye karakana. Nyuma ya kila kikosi kuna ghala la spea, mafundi wanaolipwa mshahara na gari la kuvuta mengine yakiharibika. Mnunuzi wa Samuye ana fundi wake chini ya mwarobaini, jeki moja, na nauli ya kwenda Shinyanga mjini au Kahama kutafuta kifaa. Kwa hiyo nguvu ya gari ije baadaye. Kwanza ajue spea ziko wapi.

Nchi yetu imewahi kushuhudia kosa hili likifanywa kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikaanza Kongwa, kisha ikaenda Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi na mashine mpya hazikupatikana kwa urahisi, basi wakanunua mabaki ya jeshi: matrekta na matingatinga ya Marekani yaliyoachwa Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Vyuma vile vilifika vikiwa vimechoka, vikakuta ardhi ya Kongwa ambayo kiangazi huifanya ngumu kama saruji, mafundi wachache, karakana isiyo na vifaa, na spea zilizo ng'ambo ya bahari. Kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 35. Ulikuwa na sababu nyingine za kufa, ukame ukiwemo, lakini mashine za jeshi zilizokosa spea zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa. Kama serikali yenye viwanda vyake ilishindwa kuzihudumia, mtu mwenye ekari kumi za pamba ana haki ya kuogopa.

Jeshi letu lenyewe lililielewa jambo hili. Katika miaka ya 1980 kituo cha teknolojia ya magari kule Kibaha kiliunda lori la Nyumbu, kwa nia ya kupata gari la barabara zetu ambalo mafundi wetu wanalijua tangu chesisi. Halikufika kwenye uzalishaji mkubwa, na mimi bado naona ni fursa iliyotupita.

Turudi kwa mnunuzi. Malori haya humfikia kwa njia mbili: mnada wa ndani wa mali chakavu za serikali, au kuagizwa kutoka nje, majeshi ya Ulaya na Marekani yanapouza yale waliyoyastaafisha. Uingereza, kwa mfano, ilipoingiza malori mapya ya MAN kuanzia 2007, ya zamani yaliingia sokoni kwa wingi. Miongoni mwao zimo Bedford za tani nne. Ni gari rahisi kulitengeneza, lakini General Motors waliacha kuunda malori ya Bedford Uingereza mwaka 1986, na kampuni ya AWD iliyorithi kiwanda ikafilisika 1992. Spea yake leo ni ya kuchongesha au ya kuchinja gari lingine.

MAN KAT1 ya jeshi la Ujerumani ndiyo inayowapumbaza wengi. Injini yake ni V8 ya Deutz inayopozwa kwa upepo, haina rejeta, na katika mkoa ambako maji ni ya kuhesabu hilo linaonekana kama jawabu la sala. Lakini lile la ekseli mbili linabeba tani tano tu kwa matumizi ya kijeshi, injini ni ya lita zaidi ya 12, na tairi zake ni 14.00-20. Nenda maduka ya tairi ya Kahama uulizie saizi hiyo, uone utakavyotazamwa.

Lori la Kimarekani la M35 lina tatizo jingine. Lilikadiriwa kubeba tani 2.27 nje ya barabara, na mara mbili yake barabarani. Kwa gunia la kilo 100, hayo ni magunia 22 mbugani, katika gari ambalo lenyewe lina uzito wa karibu tani sita. Matoleo yake ya zamani yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote: hosi moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki popote. Usukani pia uko kushoto. Anayeendesha peke yake barabara ya Tinde hawezi kuona mbele ya basi analotaka kulipita.

Kwangu mimi, mwenye kulazimika achague lori la jeshi lenye ndugu uraiani. Unimog U1300L, ambayo jeshi la Ujerumani liliinunua kwa maelfu, inatumia injini ya OM352, silinda sita, lita 5.7, pampu ya dizeli ya kawaida isiyo na kompyuta. Ndiyo injini ya Mercedes-Benz 1113, na madereva wakongwe wa Afrika Mashariki wanaijua kwa mlio. Nozo, pistoni, gasketi, vyote vina historia hapa kwetu. Kasoro yake ni mzigo: jeshi liliihesabu kuwa gari la tani mbili.

Suala la uzito halikwepeki. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na tani nane kwa ekseli ya mbele. Malori mengi ya jeshi yana tairi moja moja nyuma, na ekseli ya namna hiyo ina kikomo cha chini zaidi. Lile umbo kubwa linalotisha linaweza kupita kwenye mizani likiwa na mzigo mdogo kuliko wa Fuso iliyosimama nyuma yake.

Siku ya kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, kuna jambo linafichwa. Kisha piga magoti kwenye tairi. Kashata zitakuwa nzima, maana jeshi huegesha zaidi ya linavyosafiri, na hilo ndilo linalodanganya. Tafuta tarakimu nne ndani ya duara dogo ubavuni: 2307 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2007. Mpira wa umri huo una nyufa nyembamba ukiupinda, na ukiupakia mawe ya dhahabu juani utapasuka. Kilichoua mpira huo kimeua pia oili sili, hosi za breki na dayaframu za upepo, ambazo huzioni.

Kwa Unimog, fungua nati ya chini ya habu, kwa sababu kila gurudumu lina gia zake na oili yake humo ndani. Acha matone machache yadondoke kwenye kiganja, uyasugue kwa kidole gumba. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Ikiwa na vipande vinavyometameta, gia zinalana. Habu ziko nne, zifungue zote; muuzaji akikasirika, umepata jibu.

Karatasi zina uzito wake pia. Gari la mnada liwe na hati ya mnada na risiti, na namba ya chesisi isomeke kwenye chuma chenyewe. La kuagiza lipigiwe hesabu ya ushuru na TRA kabla hujatuma fedha, pamoja na ukaguzi wa TBS na leseni ya LATRA. Rangi ya kijani iondoke kabla ya safari ya kwanza. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na mavazi yanayofanana nazo. Sioni kwa nini mtu ajitafutie maswali njiani kwa sababu ya rangi ya bodi.

Je, kuna mahali lori hili linapolipa? Papo. Kati ya Novemba na Aprili, kutoa magunia mbugani hadi kwenye lami na kuyapakia kwenye Fuso inayosubiri. Au kubeba mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye mtambo wa kuchenjua, njia fupi mbovu inayolipwa kwa tripu. Mwendo wake wa polepole hauumizi hapo. Safari ya Mwanza au Dar es Salaam itaimaliza faida yake kwenye tangi la dizeli.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, andika orodha: sahani ya klachi, laini za breki, nozo, hosi, oili sili za habu, saizi ya tairi. Panda basi na orodha hiyo, uulize duka kwa duka Shinyanga mjini, kisha Kahama, na uandike bei mbele ya kila kifaa. Wakikuuliza hilo ni gari gani, rudi nyumbani na fedha yako, ongeza ya mavuno yajayo, ununue Fuso yenye chesisi nzuri.