Masafa ya utulivu tumeyajaza kelele

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Hata hivyo, urithi wa marehemu mjomba wangu ulipogawanywa, hakuna aliyeitaka dhahabu iliyokuwa juu ya kabati lake. Lilikuwa sanduku zito la chuma, lenye kioo mbele na kirungu kikubwa cha kuzungusha. "Halina hata spika," alisema binamu yangu. "Tumpe muuza vyuma chakavu." Nikaomba nipewe mimi.

Chombo hicho huitwa tyuna. Ni redio isiyokuwa na sauti yake yenyewe. Kazi yake ni kunasa mawimbi ya kituo kimoja, kuyatenga na ya vituo vingine, kisha kuikabidhi sauti kwa amplifaya na spika. Hiki changu ni Sansui TU-717, kilichoundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mjomba, aliyekuwa baharia, alikinunua Singapore akakileta Mombasa wakati ambapo vituo vya FM vilikuwa vichache mno. Kina mishale miwili: mmoja huonyesha nguvu ya mawimbi, na wa pili huonyesha iwapo umekishika kituo katikati hasa. Kina pia swichi ya kupanua au kubana njia ya mawimbi, ili kituo chenye nguvu kisimmeze jirani yake mnyonge.

"Mzee, mbona usinunue spika ndogo ya kuunganisha na simu?" aliniuliza fundi mmoja wa Majengo, huku akipangusa kutu iliyoletwa na chumvi ya bahari. Nilimwambia kuwa simu ninayo. Nilichokosa ni sauti ya mjomba. Alitabasamu, akabadilisha kapasita zilizokauka, akasafisha swichi na kuhakikisha kuwa chombo kimewekwa kwenye volti 240. Nami nikapandisha antena paani.

Usiku huo, nilichokisikia kwanza hakikuwa muziki bali kimya. Baina ya habari moja na nyingine, nilimsikia msomaji akivuta pumzi na kugeuza karatasi. Hapakuwa na mkwaruzo wala mvumo. Ilikuwa kana kwamba mtu ameketi sebuleni mwangu. Nilielewa basi kwa nini mjomba alikuwa akizima taa kabla ya kuwasha redio.

Kimya hicho kina historia yake, msomaji mpendwa. Katika mtindo wa awali wa utangazaji, sauti ilipandishwa juu ya mawimbi kwa kuongeza na kupunguza nguvu yake. Kwa kuwa radi na mota nazo huitikisa nguvu hiyo hiyo, redio za masafa ya kati hukwaruza kila wingu linapotanda. Mhandisi Mmarekani, Edwin Howard Armstrong, aliamua kuiacha nguvu kama ilivyo na kubadilisha kasi ya mtetemo. Kipokezi kikaweza kukata kila badiliko la nguvu bila kuidhuru sauti. Hataza za ugunduzi huo alizipata mwaka 1933.

Armstrong hakuufaidi ushindi wake. Mnamo 1945 serikali ya Marekani iliihamisha FM hadi kwenye megahezi 88 hadi 108, na redio zote zilizokwisha kununuliwa zikawa hazina kazi. Akaingia katika kesi ndefu na makampuni makubwa, zikamfilisi na kumkatisha tamaa. Mwaka 1954 alijitoa uhai. Mjane wake, Marion, hakuziacha kesi hizo; ya mwisho aliishinda mwaka 1967.

Waliomfuata waliithamini kazi yake mno. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marantz iliunda tyuna iliyoitwa 10B, yenye kioo kidogo cha kumwonyesha mwenyewe umbo la mawimbi anayoyapokea. Mwaka 1972 McIntosh nayo ikatoa MR 78, iliyosifika kwa kukitenga kituo dhaifu na jirani yake mwenye nguvu. Zilikuwa ghali, na hadi leo wapenzi wake huzitafuta kama watu watafutavyo lulu. Wote hao walihangaika kwa ajili ya jambo moja: msikilizaji asikie sauti bila kelele.

Je, sisi tumeyafanyia nini masafa hayo? Tangu vituo vya kibinafsi vianze kuingia hewani nchini katika miaka ya 1990, tumejaliwa vituo vingi, na kwa wingi huo nashukuru. Lakini chombo hiki cha mjomba hakina huruma. Hunifichulia nyimbo zilizobanwa hadi matoazi yakawa kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Hunifichulia sauti zilizokuzwa hadi mnong'ono na ukelele vikawa sawa, kwa kuwa kila kituo chataka kisikike juu ya mwenzake. Hunifichulia pia watangazaji watatu wanaocheka kwa pamoja kabla hata mzaha haujasemwa. Masafa yaliyobuniwa ili kuondoa kelele, sisi tumeyajaza kelele.

Jirani yangu hunipinga. Hudai kuwa wasikilizaji wengi wako ndani ya matatu au wanatumia simu, na kwamba hakuna kituo kitakachojisumbua kwa ajili ya mzee mmoja na sanduku lake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mpishi hapunguzi usafi kwa sababu mlaji ana njaa. Aidha, sauti iliyotolewa kwa uangalifu hufika vizuri hata katika redio ya bei rahisi, ilhali iliyoharibiwa studioni hakuna chombo duniani kiwezacho kuitengeneza.

Naijua pia hatari nyingine. Mwaka 2017 Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa na kuhamia mtambo wa kidijitali. Siku hiyo ikifika kwetu, chombo changu kitakuwa sanduku la chuma kweli. Kwa sasa bado kipo kazini, na atakayetamani mwenzake ajihadhari: tyuna zilizoundwa kwa soko la Japani lenyewe huanzia megahezi 76 na kuishia 90, kama wajuavyo vyema wenye magari yaliyoagizwa kutoka huko.

Zipo nyakati za kaskazi, bahari ikiwa shwari na hewa imetulia, ambapo mawimbi husafiri mbali kuliko kawaida. Usiku mmoja wa namna hiyo niliibana njia ya mawimbi, nikakinasa kituo cha ng'ambo ya mpaka kikipiga taarabu. Binamu yangu alikuwa amenitembelea. Alisikiliza nyimbo mbili bila kusema neno, kisha akauliza, "Ndicho kile tulichotaka kukiuza?"

Nawaomba wenye vituo jambo dogo: watutengee walau saa moja kwa juma, wimbo upigwe mzima kutoka kwenye rekodi safi, na mtangazaji aseme akiwa na la kusema. Mimi nitakuwa nimezima taa, nasikiliza.