Mabingwa wa Kutanuka, Kutoka Masasi Hadi Newala

Pikipiki inayopanda kutoka Masasi kwenda Newala ikiwa na dumu nyuma imebeba mashindano yasiyoonekana. Jua likipiga, kimiminika kinatanuka, na chombo chake nacho kinatanuka. Mara nyingi kimiminika ndicho kinachoshinda. Hawa hapa vinara, kwa hesabu ya lita 20 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 za Selisiasi.

Kinara wa barabarani: petroli. Huongezeka karibu lita 0.4, zaidi ya chupa moja ya soda. Dumu lililojazwa asubuhi hadi shingoni litatoa jasho kwenye kizibo saa sita mchana, na jasho hilo linashika moto.

Kinara wa jikoni: mafuta ya kula. Ya ufuta au ya alizeti, huongezeka zaidi ya robo lita. Maji katika joto hilo hilo huongezeka lita 0.12 tu.

Kigeugeu kuliko vyote: maji. Yakipashwa kutoka nyuzi 0 hadi 4 hunywea, kisha ndipo huanza kutanuka. Yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana chupa iliyosahauliwa kwenye friza hupasuka. Sufuria ya lita 5 iliyojaa pomoni humwaga karibu lita 0.2 kabla hata haijachemka.

Chombo kinachotanuka zaidi: dumu la plastiki. Hulishinda pipa la chuma takriban mara 10. Sufuria ya alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma. Kioo kiko nyuma ya chuma na alumini, na hapo kuna msaada: kifuniko cha bati kikikwama kwenye chupa ya kioo, kimwagie maji ya moto. Bati litatanuka zaidi kuliko kioo, na kifuniko kitafunguka.

Chombo kivumilivu kuliko vyote: chungu. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika habari za wafinyanzi wa huku. Udongo uliochomwa hutanuka kidogo sana, na vitundu vyake vidogo huzuia ufa usiendelee. Bilauri nene ya kioo ikitiwa chai ya moto ghafla haina uvumilivu huo: ndani hutanuka wakati nje bado baridi, ikapasuka.

Chombo chenye hasira kuliko vyote: ganda la korosho. Ndani ya ganda mna vijumba vilivyojaa mafuta makali yanayobabua ngozi. Korosho ikikaangwa, mafuta hayo hutanuka, vijumba hupasuka, nayo hufoka na kuwaka. Mbanguaji wa korosho anastahili heshima yetu, na glavu mikononi.

Kikubwa kuliko vyote: bahari. Ukisimama ukingoni Newala unauona Mto Ruvuma chini, ukielekea Bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 1971 na 2018, karibu nusu ya kupanda kwa kina cha bahari duniani kulitokana na maji kutanuka kwa joto. Dumu tunaweza kuliachia nafasi shingoni. Bahari haina shingo. Maji yake yakitanuka, nafasi huichukua ufukweni, kule Mikindani na Lindi kwenye nyumba za watu.