Taaluma Hukomaa Kazini

Mwanafunzi wa chuo kikuu hawi mhandisi au mwalimu siku anapovaa joho. Huwa hivyo polepole, anapopewa kazi halisi na kuwajibika kwayo mbele ya waliomtangulia. Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, unalijua hilo tangu zamani: wafua chuma wake, waliojenga matanuru marefu ya udongo, walijifunza ufundi na miiko yake kazini, kando ya mabingwa. Mwanaanthropolojia Jean Lave, aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia, aliona hivyo hivyo. Mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger walieleza kitabuni kwamba mwanagenzi huanza pembezoni kwa kazi ndogo, kisha husogea katikati, na humo hujitambua kuwa mmoja wa wenye kazi.

Wapo watakaosema ufundi bila nadharia ni kuiga tu. Ni kweli, na ndiyo maana darasa linabaki. Lakini nadharia humkaa mtu anapoitumia kuamua jambo. Wengine watalalamika kwamba mafunzo kwa vitendo ni mafupi, na wanafunzi huishia kupanga mafaili. Hiyo ni kasoro ya usimamizi, si ya njia yenyewe. Huko huko Ufipa, Sumbawanga sasa ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Karakana, shule na halmashauri za Rukwa ziwape wanafunzi wa kampasi hiyo kazi yenye uzito, na msimamizi wa kuwakosoa.