Moto wa Kiangazi, Tope la Masika (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi moto wa kiangazi unavyoudhoofisha udongo wa ngitili zetu, yaani malisho tunayoyatenga, hapa Samuye na vijiji vya jirani. Leo tunapanda milimani. Huko moto uleule hauishii kuteketeza malisho. Huandaa mauti yatakayoshuka na mvua miezi kadhaa baadaye.

Msomaji wa Shinyanga anaweza kuuliza: sisi watu wa tambarare milima inatuhusu nini? Tope tunalijua. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, mashamba ya majirani zetu wa Kishapu yakafunikwa. Mungu aliepusha vifo. Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope lenye mawe na magogo lilishuka kutoka Mlima Hanang na kuupiga mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikameguka. Moto haukutajwa kuwa chanzo cha Hanang. Ila mlima ulioungua unaweza kutoa tope la aina hiyohiyo kwa mvua ndogo zaidi, na hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hatuifahamu.

Katika msitu mzima, tone la mvua hupokewa na majani, likadondokea kwenye zulia la majani makavu na matawi yaliyooza, kisha likazama taratibu udongoni kufuata njia za mizizi na wadudu. Moto mkali huondoa yote hayo kwa saa chache. Juu hubaki majivu, ambayo mvua ya kwanza huyageuza uji unaoziba vitundu vya udongo. Chini yake kuna jambo lisiloonekana kwa macho: nta na mafuta yaliyomo kwenye majani makavu hugeuka mvuke, sehemu yake hushuka sentimita chache ardhini na kugandia chembe za mchanga.

Wataalamu wa udongo wana kipimo rahisi cha kutambua hali hiyo. Hukwangua majivu taratibu, hudondosha tone la maji juu ya udongo mkavu, kisha huhesabu sekunde. Udongo wenye afya hulinywa tone hilo papo hapo. Likikaa juu zaidi ya sekunde tano, limejikunja kama shanga, ujue udongo huo umeanza kuyakataa maji. Mteremko mzima ukiwa hivyo, karibu kila tone la mvua hukimbilia bondeni.

Maji hayo huchimba vijifereji, vijifereji huungana, na vyote huishia kwenye korongo lililojaa mawe na udongo wa miaka mingi. Yakiupata mzigo huo yanakuwa mchanganyiko mzito, wenye uzito unaoweza kukaribia mara mbili ya uzito wa maji matupu. Ndiyo maana mawe makubwa kama magari husukumwa mbele ya tope badala ya kuzama. Nyumba inayohimili mafuriko ya kawaida haihimili pigo la namna hiyo.

Mfano unaojulikana sana ni wa Montecito, jimbo la California, Marekani. Mnamo Desemba 2017 moto uliteketeza milima iliyo juu ya mji huo. Alfajiri ya Januari 9, 2018 ilinyesha mvua ya takribani milimita 13 kwa dakika tano. Makorongo yalitapika mawe na matope, watu 23 wakapoteza maisha. Mvua ya nguvu hiyo si ngeni kwa mkulima wa Usukumani. Kilichoifanya iue ni mteremko uliokuwa umeungua wiki chache tu kabla yake.

Mlima ulioungua una hatari mbili. Ya kwanza, ya maji yanayokataliwa na udongo, huwa kubwa zaidi katika mwaka mmoja au miwili baada ya moto. Ya pili huja kimyakimya: mizizi ya miti iliyokufa huoza, na baada ya miaka michache hakuna tena kinachoushika udongo wa juu usiteleze. Kuhusu mizizi, ushahidi tunao hapahapa nchini. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, na kusababisha maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza, wakakuta karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye msitu hayakufika hata moja kati ya mia.

Sasa tuitazame Kilimanjaro. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza takribani kilomita za mraba 95. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp ameonyesha kwamba, tangu miaka ya 1970, moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu wa mlima huo. Mpaka ukishuka, miteremko mikali hupoteza mizizi, na mabonde hupoteza miti iliyokuwa ikikinga maji ya ukungu.

La kufanya lipo, na wakati wake ni kati ya moto na mvua za kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Mlima ukiungua Agosti, kamati iyakague makorongo kabla ya Novemba, ijue ni kaya zipi zinakaa kwenye midomo yake, na iwepo njia ya kuzionya usiku na mahali pa kukimbilia. Nyumba, soko wala shule isijengwe pale makorongo yanapomwaga mawe; mawe makubwa yaliyotapakaa hapo ni ushahidi kwamba tope limewahi kupita.

Nasi wa Samuye tuna sehemu yetu. Vijana wetu wengi wamehamia Morogoro, Rukwa na Katavi, wakilima na kuchunga kwenye miteremko. Kiberiti cha mchungaji anayetaka majani mabichi, mrina asali au mchoma mkaa kinaweza kuwaangamiza watu wa bondeni asiowafahamu. Ndugu msomaji, unapompigia simu mwanao aliyeko huko, mwambie asichome mlima, na kama umeshaungua, masika asilale karibu na korongo.

(Itaendelea wiki ijayo)