Ndimu Haitoshi Bila Maji Safi

KIPINDUPINDU si kigeni kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2015 kiliingia mkoani Mwanza, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kikabisha hodi tena. Kila kinapozuka, hawakosekani wasemao kwamba mwenye ndimu nyumbani hana la kuhofia. Neno hilo lina ukweli, lakini ukweli wake una mpaka, na asiyeujua mpaka huo huenda akaangamia.

Kijidudu cha kipindupindu hakivumilii uchachu. Nchini Guinea-Bissau, katika miaka ya 1990, wataalamu walibaini kwamba watu waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa ndimu hawakupatwa sana na maradhi hayo kama wenzao. Walipoijaribu katika maabara, ndimu ilizuia vijidudu visizaliane ndani ya chakula. Basi mama wa Ukerewe au Ukara anayekamulia ndimu samaki na kachumbari hatafuti ladha tu. Anailinda pia jamaa yake.

Maji ya kunywa ni jambo jingine. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba ndimu ikikamuliwa katika maji yaliyoanikwa juani ndani ya chupa angavu, bakteria hupungua sana kwa nusu saa. Virusi, hata hivyo, havikudhurika kiasi hicho. Kwa hiyo ndimu haituondolei wajibu wa kuchemsha maji au kuyatia klorini, wala haimponyi aliyekwisha kushikwa na kuhara.

Mgonjwa huyo huuawa na upungufu wa maji mwilini. Apewe mara moja lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akikimbizwa kituo cha afya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa viongozi twasema hivi: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo. Wananchi wakielezwa wakaelewa, hutenda. Lakini mvuvi ahamaye mwalo hadi mwalo akifuata samaki aghalabu hana choo, na maji ya kunywa huyachota palepale anapooga. Kumhimiza mtu huyo atumie ndimu tu ni kumwacha njiani. Ndimu ipandwe katika kila ua; choo, klorini na maji safi navyo vifike mwaloni kabla ya mvua.