Ada za Kaunti: Je, Pesa Zinafika Darajani?



Katika semina zetu Nyatike na Rachuonyo swali moja halikosi: "Lori la mchanga limelipa ushuru. Mwenye jengo jipya pale sokoni amelipia ramani. Mbona daraja letu bado limevunjika?" Tulielewe jambo hili pole pole.

Pesa hutoka wapi?

Zamani mabaraza ya wilaya na ya miji ndiyo yaliyokusanya. Tangu 2013 kazi hiyo ni ya serikali za kaunti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kumtoza ada ya maendeleo mtu anayeomba kibali cha kujenga. Kuna pia ushuru wa mchanga na mawe. Kwa madini, kama dhahabu ya Macalder, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii ya pale madini yanapochimbwa.

Zikilipwa huenda wapi?

Hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa. Chini ya Katiba ya 2010, mapato ya kaunti huingia katika mfuko mmoja. Ushuru wa lori hauwekwi kando kutengeneza barabara ile ile lililoiharibu. Ni kama chungu kimoja cha nyumba kubwa. Daraja lisiloandikwa kwenye bajeti halina pesa, hata ushuru ukijaa.

Tarehe za kukumbuka

- 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bunge la kaunti.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti yawe yamefika huko.
- 30 Juni: bajeti iwe imepitishwa.

Ukilia Julai, umechelewa.

Tufanye nini?

1. Andikeni barua moja, ombi moja, kabla ya Septemba. Bakini na nakala yenye mhuri.
2. Hudhurieni mikutano ya maoni, akina mama na vijana pia.
3. Ulizeni kwa maandishi kilichokusanywa na kilichotumika. Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu.
4. Anayelipa adai risiti. Bila risiti, huenda pesa hiyo haikufika kwenye chungu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu amewahi kuiona bajeti ya wadi yetu? Daraja letu limo?